Mashine ndogo ya geimu ya kuweka mezani, na vile ya kuivalisha kama nganya, ile matatu iliyopambwa

Hii kitu nimetengeneza mara mbili. Ya kwanza ilikuwa poa kwa picha tu, ya pili ndiyo inachezeka, na tofauti ni kwamba ya kwanza nilianza na mbao, ya pili nikaanza na skrini. Kwa hivyo kama ushavaa viatu uende soko la Gikomba hapa Nairobi kutafuta plaiwudi, vua kwanza.

Tunaongelea zile mashine za kusimama za kutia sarafu, enzi ya Space Invaders 1978 na Pac-Man 1980, lakini yetu ni fupi ya kukaa mezani. Yangu ina sentimita 42 kwenda juu, kama robo ya mashine kamili, ila upana nimeipa 24 kwa sababu mashine unaweza kuipunguza lakini vidole vya mchezaji vinabaki vilevile. Ukiifanya nyembamba sana mikono inagongana na mtoto tu ndo atacheza.

Anza na vitu vya ndani. Tembea Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, uulize maduka matatu manne kabla hujatoa pesa. Unataka Raspberry Pi 3 au 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, memori kadi ya GB 32, skrini ya inchi 7 ya HDMI, joistiki moja, batani nane za milimita 24, ile bodi ya USB ya kuunganisha batani, amplifaya ndogo ya PAM8403 na spika mbili. Pi Zero ni ndogo na ni rahisi lakini haina tundu la sauti, itakusumbua bure. Chaja usichukulie poa: Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, ukiiwekea chaja ya simu ya zamani Pi itaanza tu, halafu alama ya radi inatokea kwa kona ya skrini, hapo inalia njaa.

Batani nazo ziko aina mbili, za kusukuma zikajishika zenyewe na za kufunga na nati kwa chini. Kwa mbao chukua za nati. Zile zingine ni za paneli nyembamba, kwa mbao nene vile vimeno havifiki upande wa pili, zinachomoka ukicheza kwa hasira.

Sasa weka kila kitu mezani uchukue rula. Skrini za inchi 7 nyingi zinaonyesha eneo la karibu milimita 154 kwa 86, lakini pima yako, na usisahau waya ya HDMI inatokea upande gani na inahitaji nafasi kiasi gani kujikunja. Pima pia tumbo la joistiki, ile sehemu inakaa chini ya paneli. Hapo ndipo ya kwanza ilinimaliza, nilikata kila kitu safi, nikapaka rangi, kuja kuingiza joistiki inagonga sakafu ya kabati.

Dawa yake ni katoni. Omba maboksi kwa duka, kata umbo lote kwa katoni, shikilia na tepu, weka skrini na joistiki ndani, kaa mbele yake kama unacheza. Skrini ilaze nyuma kidogo, nyuzi 15 hadi 20, la sivyo utakuwa unaona taa ya sebule badala ya geimu. Ukiridhika, ile katoni ndo ramani yako.

Mbao: plaiwudi au MDF, ile mbao ya unga uliogandamizwa, ya milimita 6, na usinunue shiti nzima ya futi 8 kwa 4, uliza vipande vilivyobaki. Mimi nilimpelekea fundi ramani ya katoni akaigeuza mara tatu, akaniuliza, "Boss, hii ni ya kuku ama ni ya viatu?" Mwambie zile mbao mbili za ubavuni azibane pamoja azikate mara moja, ndio zitoke mapacha, zikitofautiana hata milimita tatu mashine itasimama imepinda na hakuna stika itaficha. Ukikata MDF mwenyewe vaa maski, ile vumbi si ya kuchezea. Matundu ya batani toboa kabla ya kuunganisha, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lingine acha angalau milimita 30. Kwa viungo tumia gundi ya mbao na vijiti vya pembe kwa ndani, misumari ya nini. Nyuma weka mlango wa skrubu wenye matundu ya hewa. Na chini ndani bandika kipande cha tailsi, kwa sababu mashine nyepesi inatembea mezani ukivuta joistiki.

Waya hazina maneno mengi. Kila batani ina ncha mbili, yoyote iende popote, hakuna chanya na hasi. Joistiki tu ndo itakuchanganya: ukisukuma juu, swichi inayobonyezwa ni ya chini, ni kawaida, hujaharibu kitu. Programu ni RetroPie au Batocera, unaiandika kwa memori kadi ukitumia kompyuta, ukiwasha inakuuliza batani moja moja. Geimu zenyewe nyingi zina wenyewe kisheria hata kama ni za zamani, lakini kwa tovuti ya MAME, programu ya kuchezesha geimu za mashine za zamani, kuna chache zimeruhusiwa bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, kama Robby Roto na Gridlee, anza na hizo. Na uwe unazima kupitia menyu, kuchomoa tu stima kunaweza kuua memori kadi.

Haya, mapambo, na hapa ndo nataka tuelewane. Watu wengi wanachapisha picha ileile ya yule mnyama wa njano akila vidoti. Ni sawa, lakini uko Nairobi, mji ambao gari la kupeleka watu kazini linachorwa kuliko nyumba ya mwenyewe. Mimi yangu nimeivalisha kama nganya. Ubavuni graffiti, nyuma maneno ya kejeli, na katikati ule mstari wa njano uliokuja na sheria za matatu za waziri Michuki 2004, umezunguka mashine nzima.

Kabla ya stika ziba kingo za MDF na gundi ya mbao iliyoongezwa maji kidogo, ikikauka piga msasa namba 120 halafu 240. Rangi ya spreyi piga nyembamba mara tatu nne, nje, na kama ni Julai na ile baridi yetu subiri hadi kesho kati ya mkono na mkono, mimi niliharakisha ikabaki na alama za vidole. Stika chora kwa ukubwa halisi, acha ziada ya milimita 5 kila upande, na wanaochapisha wazipake laminesheni. Kubandika, nyunyizia maji yenye tone la sabuni, telezesha hadi ikae, kisha sukuma maji nje na kadi ya zamani ukianzia katikati. Kingo zimalizie na ule ukanda mafundi wa makabati ya jikoni wanabandika kwa pasi.

Kibao cha juu ndo taji. Kata perspeksi, ile plastiki ngumu, nyeupe ya maziwa, bandika jina, nyuma yake weka ukanda wa LED wa volti 5, si 12, ndio ule umeme wa USB uleule. Yangu imeandikwa "58 BURU", namba ya ruti ya matatu za Buruburu, usiku nikizima taa za nyumba inang'aa kama iko steji inaita watu. Mlango wa sarafu ni stika tu, nimechora shilingi 5 ya kifaru ikiingia, na mgeni wa kwanza kuiona alitoa sarafu mfukoni akatafuta tundu.