Njia ya kufahamiana na mbia hupitia kwenye zabuni

Mbia wa kampuni ya ushauri elekezi, yaani mmoja wa wamiliki wanaoiongoza, hupimwa kwa kazi alizoingiza, ankara zilizolipwa na wateja wanaorudi. Mchambuzi, yaani mfanyakazi wa ngazi ya chini, anayemwendea na mengine ataambulia tabasamu na kadi. Anzia pale ambapo mbia ana haraka na mikono haitoshi, yaani kwenye zabuni.

Ukisikia zabuni imeingia, ongea na meneja wako kwanza. Kumruka meneja ni kosa linalokumbukwa miaka. Mweleze una saa ngapi na utabeba kipande gani: "Nina saa sita kabla ya Alhamisi, naweza kushika wasifu wa wataalamu na jedwali la masharti." Vipande hivyo havina sifa, ndiyo maana huwa havina mwenyewe.

Soma hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoitaka mteja, mara mbili, kisha weka kila sharti kwenye jedwali la safu tatu: sharti lenyewe, ukurasa linapojibiwa, na nani analishika. Kwa zabuni zinazofuata nyaraka za Benki ya Dunia, wasifu una fomu yake na mtaalamu mwenyewe huutia saini. Mtaalamu aliye kazini mikoani, simu haipatikani, ndiye huwahangaisha watu siku ya mwisho. Mtafute siku tano kabla. Halafu pekua andiko la kiufundi, ambalo halitakiwi kutaja bei, uone kama kuna bei iliyopenya. Ada iliyosahaulika kwenye kiambatisho inaweza kuitupa nje zabuni nzima kabla hata alama hazijatolewa. Ukiinasa saa nne usiku, mbia atalijua jina lako bila wewe kujitambulisha.

Zabuni ikishawasilishwa, omba kuonana naye. Pitia kwa katibu muhtasi; ndiye mwenye kalenda, na akikuchoka huna mlango mwingine. Omba dakika 15 kwa jambo moja:

"Shikamoo Mzee. Nipo timu ya nishati, nilishika jedwali la masharti kwenye zabuni ya wiki iliyopita. Naomba dakika 15 wiki ijayo nikuulize kwa nini kiongozi wa timu tulimweka mtu wa fedha na si mhandisi. Nitafuata nafasi yako."

Hiyo ni ya Dar es Salaam. Katika ofisi nyingi za Nairobi watu huitana kwa jina la kwanza, na shikamoo itasikika ngeni. Sikiliza wenzako wanavyomwita, ufuate. Popote ulipo, usifungue kwa "naomba uwe mlezi wangu". Swali la mhandisi lina jibu, tena mbia atafurahi kulieleza. Ombi la ulezi linamtwika mzigo asioujua uzito wake.

Nenda na daftari, acha kompyuta. Dakika ya 14 anza kuaga. Jioni ile ile mwandikie mistari miwili: ulichokichukua na utakachofanya nacho. Kifanye, umrudishie matokeo ndani ya wiki mbili. Wengi huangukia hapa: hushukuru vizuri, wakapotea mpaka msimu wa kupandishwa vyeo.

Baada ya hapo, kila mwezi mmoja au miwili mpelekee kitu kinachomgusa mteja wake. Kiungo kitupu cha habari ni usumbufu. Bajeti ikisomwa Juni, mpe mistari mitatu: kilichobadilika, kinavyomgusa mteja, na swali ambalo mteja atauliza.

Hesabu zikishafika kwa mteja ukagundua kosa, nenda kwa meneja saa hiyo hiyo ukiwa na namba sahihi mkononi. Mbia akilisikia kwa mteja kwanza, mmeumia wote wawili.

Na jaza saa ulizomfanyia kazi kila mteja kwenye mfumo kila Ijumaa. Kazi inachosha, lakini saa zisipokamilika ankara hukwama, na mbia akiuliza imekwama kwa nani, jina hutajwa.