Kodi ya miezi sita bila kukopa

Wengi hapa Dar huangukia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, siku mwenye nyumba anapodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Siku ileile unapolipa, anza kulipia ijayo. Chumba cha 100,000 kwa mwezi ni 600,000. Gawa kwa siku 180, ni kama 3,333. Wewe tenga 4,000 kila jioni, ukishafunga hesabu na kutoa zaka, kabla hujagusa kingine. Ile ziada, kama 120,000, itabeba makato ya kutolea na kodi ikipanda. Hela yote iweke kwenye laini ya simu ya pembeni ambayo hujajiunga na huduma yoyote ya kukopa, maana ukiwa na deni huko, kila kinachoingia kinakatwa kwanza. Mithali 22:7 inamwita mkopaji mtumwa, na ndivyo ilivyo kwa anayegongewa mlango kila asubuhi. Mwenye mshahara asihangaike na kila jioni, akate 120,000 siku unapoingia. Ukiwa na kausha damu tayari, maliza hiyo kwanza. Riba yake inakimbia kuliko akiba yako. Na michango ya harusi isiguse laini hii, hata ya ndugu wa kwaya.