Kabla hujalipia printa ya kazi, uliza waranti yake inahesabu nini

Watu wakija kuniuliza printa gani nzuri ya duka huwa wanaanza na bei na spidi, mimi nawaambia hizo weka kando kwanza, chukua kadi ya waranti usome ile mistari midogo ya chini. Mimi sikuisoma. Nilinunua printa ya tangi za wino, mpya kabisa, boksi bado lina selotepu yake, muuzaji akaniambia una mwaka mzima ndugu yangu usiwe na wasiwasi. Mwezi wa tano hedi, ile sehemu inayotema wino kwenye karatasi, ikaanza kuruka, herufi nyeusi zinatoka na mistari meupe katikati kama zimechanwa na chanuo. Nikaibeba kwa tuktuk mpaka dukani, kijana akabonyeza bonyeza ikatoka karatasi ya hesabu ya mashine, yani imeshachapa karatasi ngapi, akaniwekea kidole hapo: 38,214. Halafu akanifungulia kadi, imeandikwa miezi 12 au karatasi 30,000, kitakachotangulia. Karatasi zilikuwa zimetangulia kitambo.

Kwa hivo piga hesabu yako kabla hujatoa pesa. Ukitoa karatasi 300 kwa siku, siku 26 za mwezi, hizo ni 7,800, yani 30,000 zinaisha hata miezi 4 haijatimia. Mtu wa nyumbani atafika mwaka bila shida, lakini wewe uko Mwembe Tayari hapa Mombasa unatoa mitihani ya shule na makaratasi ya watu wa bandarini, huo mwaka ni wa kwenye kadi tu. Mashine ghali kidogo yenye kima kikubwa cha karatasi kwenye waranti mara nyingi ndo ya bei nafuu ukienda mbele, na kuna modeli zingine unaweza kuongeza pesa ukapata waranti ya miaka 3, uliza siku ile ile unaponunua manake ukichelewa wengi hawakubali tena.

Halafu uliza nini hakimo. Wino, tona (ule unga wa wino wa printa za leza), rola za kuvuta karatasi, mara nyingi na dramu (silinda inayopaka tona kwenye karatasi), hivo vinahesabiwa vitu vya kuisha. Ukichukua printa ya leza ya Kyocera M2040dn kwa mfano, tona yake ni ya karatasi 7,200 hivi na kifurushi cha matengenezo chenye dramu kinafika karatasi 100,000, sasa hiyo si kuharibika, ni gharama unayoijua mapema, iweke kwenye hesabu. Printa za tangi zina sponji la kunyonya wino chafu, likijaa mashine inajifunga yenyewe na haitoi kitu. Tafuta ile ambayo sponji liko kwenye boksi unalolichomoa mwenyewe kwa nyuma, utashukuru.

Stima ikirudi kwa kishindo ikaunguza bodi, hiyo pia hawailipi. Weka kifaa cha kulinda volti, lakini printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo ya kompyuta (ile betri ya kushikilia umeme ukikatika), fyuza, ile sehemu inayogandisha tona kwenye karatasi kwa joto, ikipata moto inavuta umeme mwingi mno. Na hewa yetu hii, vitabu vingi vya mashine vinataka unyevu usizidi asilimia 80, na asubuhi nyingi Mombasa tunapita hapo, karatasi inalegea inajikunja inakwama ndani. Rimu usiifungue mpaka uihitaji, iliyobaki ifunge kwenye plastiki. Na hewa hiyo hiyo inakula mashine pia, fundi akiona kutu na chumvi kwenye konekta ataandika matumizi mabaya, na hapo huna la kusema.

Lakini kinachouma wafanyabiashara wa huku hasa ni hili la fundi yuko wapi. Kadi itasema tu kuna sapoti Kenya. Kenya ya wapi? Kama senta ya matengenezo iko Nairobi, hizo ni kilomita karibu 480, unapakia kwa basi, nauli ya kwenda na kurudi ni yako, na wiki 2 duka limekaa. Piga simu senta yenyewe, usimuulize muuzaji. Waulize mna fundi wa modeli hii hapa Mombasa, anakuja dukani ama naleta mimi, hedi ama fyuza iko stoo ama inaagizwa, na ikichukua siku nyingi mnanipa mashine nyingine ya kushikia kwa muda? Wakijibu kwa kuvutavuta maneno ushajua. Boksi na maboya yake ya kukinga mashine usitupe, printa ya tangi ikisafiri imelala upande, wino unamwagika ndani na hilo nalo si la waranti.

Pia tofautisha waranti ya mtengenezaji na ya duka. Mashine iliyokuja kupitia Dubai yaweza kuwa mpya kweli lakini namba yake haitambuliki huku, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji ukiwa bado dukani. Na zile fotokopi za mtumba kutoka Uingereza mimi sizikatai, zina nguvu, ila nenda kwanza kwa fundi umuulize bei ya fyuza na dramu za modeli ile, akisema hazipatikani iache hata kama ni bei ya bure.

Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kiwe cha ubora wa kuuzika, lakini maneno ya mdomo ni magumu kuyathibitisha. Mwambie aandike kwenye risiti namba ya mashine, miezi mingapi, karatasi ngapi, nani analipa usafiri, kisha apige muhuri. Na kabla hujaibeba, iwashwe pale pale, itoe karatasi ya hesabu, mpya itakuwa na namba ndogo sana. Ile karatasi ibane na risiti kwa stepla, piga na picha, wino wa risiti huku kwa joto hili unafutika upesi.