Kulisoma Jiwe la Kwatsi Kabla ya Kulipeleka Maabara

Karakana yangu iko Changamwe, na haipiti wiki bila mtu kushuka matatu ya Voi na gunia la mawe begani. "Fundi, hii si dhahabu?" Mara nyingi ni ulanga unaometa tu. Ila katika magunia hayo kuna kwatsi nyeupe ambayo wachimbaji huidharau, na mimi huanza na hiyo. Ninachokitafuta ndani yake ni ule mpaka ambapo rojo la mwamba (magma) liliishia na maji ya moto yakashika kazi. Bati, tangsteni, molibdeni na shaba hupenda kujikusanya kuanzia hapo.

Umewahi kunyonya barafu ya ukwaju iliyoganda polepole? Pembeni ni barafu tupu. Rangi na utamu vimekimbilia katikati. Graniti nayo hupoa hivyo hivyo. Feldispa na kwatsi, madini makuu ya graniti, zikiganda hazina nafasi ya maji, klorini wala metali nyingi, basi vyote husukumwa kwenye masalio. Chini ya ardhi, masalio yaliyoshiba maji huweza kubaki rojo hadi nyuzi 650 hivi za Selsiasi. Mwishowe maji hujitenga, kama gesi inavyotoka ukifungua soda, yakaondoka na chumvi, metali na silika, ambayo ndiyo iliyounda kwatsi. Yakipoa au shinikizo likishuka ghafla, silika hushindwa kubaki ndani yake: maji ya nyuzi 500 yaliyo chini ya shinikizo la kilobari 1 (kama mara elfu ya shinikizo la hewa) hubeba zaidi ya maradufu ya silika inayobebwa na maji ya nyuzi 300. Ile inayoachwa njiani ndiyo mshipa wako wa kwatsi.

Hatua ya 1: Osha, kisha kata

Loweka usiku kucha, sugua kwa brashi. Muulize aliyeleta upande gani ulikuwa juu, uutie alama kwa rangi. Kata kukingama mshipa, si kuufuata. Kata kwa maji, na barakoa uvae. Vumbi la kwatsi huharibu mapafu taratibu, wala halina tiba ya kuyarudisha yalivyokuwa.

Hatua ya 2: Hakikisha ni kwatsi

Kisu kikilikwaruza, si kwatsi. Kwatsi ndiyo hukwaruza kioo. Kalisaiti, madini ya chokaa, nayo huwa nyeupe na huweza kukudanganya, ila tone la siki kali juu ya unga wake hutoa povu. Ukitaka mfano wa kulinganisha, kwangua jiwe la matumbawe la ukuta wa nyumba yako. Dakika mbili zatosha.

Hatua ya 3: Soma kingo

Hapa usiwe na haraka. Lowesha uso uliokatwa, shika lenzi ya mara 10.

Ukiona kwatsi na feldispa zimefumana kama maandishi ya kale, zote mbili ziliganda pamoja kutoka kwenye rojo. Bado tuko upande wa magma. Ukikuta vishimo vidogo vyenye fuwele zilizochongoka kuelekea ndani, hapo palikuwa na povu: maji yameshajitenga.

Alama niipendayo kuliko zote ni safu za fuwele za kwatsi zilizopangana kama meno ya kitana, zikipishana na tabaka za graniti laini. Meno yameota ukutani yakachongoka kuelekea rojo lilikokuwa. Safu hadi safu maana yake giligili, yale maji ya moto, ilijikusanya, ikatoroka, ikajikusanya tena. Safu za namna hii zinajulikana sana katika migodi ya molibdeni ya Climax na Henderson, Colorado, Marekani.

Halafu tazama umbo la mshipa. Uliojikunjakunja, kingo zake hazijanyooka, ulipita mwamba ukiwa bado moto na laini. Ulionyooka, wenye mstari katikati na salfaidi (madini ya metali na salfa) kwenye mstari huo, ulikuja baadaye, mwamba ukiwa umekakamaa na kupasuka. Ukingo uliogeuka kuwa ulanga mweupe mlaini ni wa baadaye zaidi.

Tahadhari mbili za kwetu. Mishipa mingi ya Taita imekunjwa pamoja na mawe yake ya nisi, yaani miamba iliyogeuzwa na joto na shinikizo. Maji yake huenda yalikamuliwa na mgeuko wa miamba, magma isihusike kabisa. Na anayetoka mlima Jombo, Kwale, asinitafutie kwatsi ya namna hii: mawe ya pale yana upungufu wa silika. Niobi na madini adimu ya Mrima, jirani yake, yanafuatana na kabonatiti, mwamba wa magma wenye kaboneti nyingi. Hiyo ni hadithi nyingine.

Hatua ya 4: Vitone vilivyonaswa

Kata kipande chembamba, ukiking'arishe pande zote mbili hadi mwanga upite. Kwa darubini utaona vitone vya maji vyenye kiputo, pengine na mchemraba wa chumvi. Kikipashwa moto, nyuzi ambazo kiputo hutoweka ndizo joto la chini kabisa ambalo tone lingeweza kunaswa. Vitone vya mvuke vikikaa pamoja na vyenye chumvi, kwenye mstari mmoja wa ukuaji, giligili iligawanyika pale pale. Kifaa cha kupashia sina; kazi hiyo huipeleka chuoni.

Hatua ya 5: Gawa kabla ya kusaga

Miaka ya mwanzo nilisaga sampuli nzima ya mteja kwa pamoja. Majibu ya maabara yakaja hafifu, shimo likafukiwa. Baadaye nikakitazama kipande kilichobaki rafuni: salfaidi zote zilikuwa kwenye uzi mmoja mwembamba wa kizazi cha pili, yaani mshipa uliokuja baada ya ule wa kwanza, nami nilikuwa nimeuzimua kwa kilo za kwatsi tupu. Siku hizi natenganisha kwa nyundo na patasi, kila kizazi mfuko wake, na juu ya mfuko naandika unene wa mshipa ule kwa milimita. Namba ya mfuko iandike pia kwenye karatasi ya ndani. Wino wa nje hufutika kwa jasho kabla gunia halijafika Mazeras.