Tarehe 1 Agosti na mtoto: kutoka makaburini hadi mjini Lubumbashi

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya wazazi, na ni siku ya mapumziko nchi nzima. Desturi imeigawa siku hiyo sehemu mbili: asubuhi watu huenda kusafisha makaburi ya wazazi waliotangulia, na mchana huketi kula na wazazi walio hai. Watu wazima wengi hapa Lubumbashi huwaacha watoto nyumbani asubuhi, kisha huwachukua wakati wa nyama na soda. Mimi humchukua mwanangu tangu alfajiri, tena tangu alipofikisha miaka sita, kwa sababu anayeonyeshwa sahani bila kuonyeshwa kaburi amepewa nusu tu ya sikukuu. Ratiba yangu ina vituo vitatu pekee, yaani kaburi moja, mahali pamoja mjini, na meza ya bibi yake. Niliwahi kuongeza cha nne, na mtoto akalala usingizi ndani ya taksibasi kabla hatujafika cha tatu.

Maandalizi yaanze siku chache kabla, na la kwanza ni kuhakikisha kwamba unajua kaburi liko wapi. Usiitegemee kumbukumbu. Mwaka wa pili nilijiamini, tukafika na jembe begani, nikakuta nyasi kavu zimenifika kiunoni na makaburi mapya yamejaa mahali nilipopakumbuka kuwa njia. Tulizunguka karibu saa nzima, hadi mtoto akauliza, bila mzaha wowote, “Baba, nkambo amehama?” Nkambo ni babu, yaani baba yangu, ambaye kaburi lake ndilo tulilolitafuta. Tangu hapo mimi hutangulia peke yangu jioni moja mwishoni mwa Julai, nikaandika alama kwenye daftari: ni safu ya ngapi kutoka njia kubwa, jirani yake ana vigae vya rangi gani, mti ulio karibu uko upande gani.

Mavazi yanahitaji fikira kidogo. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Agosti ni kiangazi ambapo kwa kawaida mvua haijanyesha tangu mwezi wa tano. Saa kumi na mbili asubuhi mtoto atatetemeka, na saa nne jua litakuwa limemchoma, kwa hiyo mvike sweta juu ya shati jepesi, kofia, na viatu vya kufunika vidole, maana vumbi jekundu na miiba havibagui. Soksi nyeupe ziache nyumbani. Beba maji ya aina mbili, ya kunywa na ya kunawa, pamoja na kitambaa, brashi ndogo na noti ndogondogo za faranga, kwa sababu siku hiyo kila dereva atakuambia kwamba hana chenji. Mkiondoka nyumbani kabla ya saa moja mtapata nafasi ya kukaa, na mtakuwa mnatoka makaburini wakati umati ndio unaingia.

Langoni huenda mkapokewa na vijana wenye majembe na ndoo za chokaa, ambao wako tayari kukulimia na kupaka rangi. Sioni ubaya wa kuwalipa, hasa kama kaburi limeachwa muda mrefu, ila bei ikubaliwe kabla jembe halijagusa udongo, na sehemu ya kazi uibakize kwa ajili ya mtoto. Mtoto asiyepewa kazi makaburini hupata mawili tu, kuchoka au kuogopa. Jembe na panga vibaki mikononi mwako, naye ang’oe nyasi ndogo zinazouzunguka msalaba, amwage maji, kisha asugue jina kwa brashi. Moto usiuwashe, hata kama wengine wanachoma nyasi zao, kwa kuwa upepo wa Agosti hauna mipaka na moshi wake humkaba mtoto kabla yako.

Kazi ya kusugua jina ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Juu ya saruji ya baba yangu herufi mbili za mwisho zimeanza kufutika, na mwanangu huzifuata kwa kidole kana kwamba anaziandika upya, akitoa ulimi nje kama afanyavyo shuleni. Baada ya jina huja miaka. Mwache aitoe mwenyewe, 2009 kutoa 1941, hata akitumia vidole na kukosea mara mbili, kwa sababu jibu alilolitafuta ndilo litakaloleta maswali. Yakija, jibu kwa mambo ya kweli na madogo. Mimi sikumweleza kwamba babu yake alikuwa mtu mwema, jambo ambalo kila kaburi hulidai, bali nilimweleza kuhusu kazi yake kwenye tanuri za shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikamimina shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911, kisha mwaka 1967 mali zake zikawa za serikali na baadaye zikajulikana kwa jina la Gécamines. Hivyo babu yake aliajiriwa na majina mawili bila kubadilisha lango la kuingilia kazini. Ile dohani ndefu tunayoiona kila siku tukiwa barabarani, na ule mlima mweusi wa takataka za shaba ulio chini yake, vikawa na mtu ndani yake.

Dakika arobaini zinatosha. Akitaka kusali, salini, na akitaka kukimbia kati ya makaburi, mshike mkono bila kumgombeza. Asilazimishwe kusikitika kwa ajili ya mtu ambaye hakumwona.

Mjini, chagua kati ya bustani ya wanyama na Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Bustani ina mvuto wake, na ndiko ilikoanzia mwaka 2006 hifadhi ya JACK inayowalea sokwe walionyang’anywa wawindaji na wafanyabiashara, lakini siku ya sikukuu utaona migongo ya watu kuliko wanyama. Mimi hupendelea makumbusho, kwa sharti kwamba nimeuliza siku iliyotangulia kama milango itafunguliwa. Mkiingia, msijaribu kutazama kila kitu. Omba muonyeshwe misalaba ya shaba, ile ambayo mafundi wa zamani wa nchi hii waliimimina ikatumika kama fedha, na ambayo mitatu yake iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Kisha mweleze mtoto kwamba wachimbuaji wa mambo ya kale walipofukua makaburi ya Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, walikuta wafu waliozikwa pamoja na misalaba kama hiyo. Mwanangu, ambaye kucha zake bado zilikuwa na udongo wa asubuhi, aliutazama mmoja kwa muda mrefu, kisha akauliza ni kwa nini nkambo, aliyetengeneza shaba yote ile, hakuwekewa hata kipande. Sikuwa na jibu la maana.

Kutoka hapo twendeni kwa wazee. Njiani unaweza kumnunulia kipande cha kikanda, kile chakula cha viazi-mwitu vilivyosagwa na karanga, ili atulize njaa, lakini kisizidi kimoja, la sivyo bibi atalaumu. Zawadi, hata ikiwa ni kitenge ulichokinunua wewe, ikabidhiwe na mtoto kwa mikono miwili, akiwa amekwisha kunawa na kubadilisha shati. Bukari (yaani ugali), sombe (majani ya muhogo), samaki wa tomsoni, michopo (nyama ya mbuzi ya kuchoma) na munkoyo (kinywaji cha mahindi na mizizi) vitafuata vyenyewe. Wale ambao wazazi wao wamezikwa mbali, Kolwezi au Kasai, na nauli haipo, huanzia hapa mezani, na saa ya asubuhi huitumia kwa kutazama picha.

Jioni, kabla mtoto hajalala, mpe karatasi na penseli. Achore njia kutoka lango la makaburi hadi kwa nkambo: mti, vigae vya jirani, msalaba. Mchoro wa mwaka jana ulikuwa na mbwa ambaye hatukumwona kabisa, lakini safu alizihesabu vizuri kuliko mimi. Tunauhifadhi kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa, na mwishoni mwa Julai ndio ninaoutoa kwanza.