Kuandika makala ya utafiti ya chuo kuhusu solo ya jazz

Jazz ni bahari. Chagua solo moja tu, yaani sehemu ambayo mwanamuziki mmoja anabuni muziki papo hapo. Mfano, tarumbeta ya Miles Davis katika "So What" (1959). Wimbo una mizani 32 (mizani ni kipande cha mapigo manne) kwa muundo wa AABA, yaani sehemu A mara mbili, B, kisha A tena: A iko D Dorian (skeli inayoanzia nota ya D kwa vibonye vyeupe vya kinanda), B inapanda nusu toni. Miles anapiga mizunguko miwili, yaani mizani 64.

Andika nota kwa sikio, mizani nne nne, kasi ukiipunguza hadi nusu. Angalia toleo: katika yale ya zamani sauti iko juu kidogo, maana mashine ya kurekodia ilizunguka polepole, na kinanda chako kitakataa kuoana nayo.

Swali liwe finyu: ananyamaza wapi, kwa mapigo mangapi? Kila dai lipe namba ya mizani. Wasifu wa msanii, aya moja. Wengi humaliza kurasa tatu hapo.