Peni ya mpingo: piga hesabu kwanza ndo utaje bei

Mwaka wangu wa kwanza wa kukereza peni niliziuza elfu 20 kila moja, oda kibao, sifa kibao, mfukoni hamna kitu. We unayeanza shika daftari kabla hujashika wateja.

Anza na unavyonunua. Seti ya vyuma (vibomba vya shaba, klipu, ncha, rifili) mi inanifikia kwa elfu 9, kipande cha mpingo buku, na hata kama umeokota mabaki kwa wachongaji pale Mwenge, Dar, bado andika hiyo buku maana siku mabaki yakikosekana utanunua. Supaglu, msasa na nta 1,500, umeme 500. Jumla elfu 12.

Sasa hapa ndo wengi tunapigwa. Mpingo ukiutoboa kwa papara na biti ya milimita 7 unapata joto kali halafu unapasuka, mara nyingine unapasukia kwenye mashine ushafika kwenye msasa kabisa, na vile vibomba kuvipata vya kununua peke yake ni kazi kwa hiyo seti nzima inabaki inakutazama. Kwangu kila 10 zinakufa 2. Yaani 120,000 nagawa kwa 8, kila peni nzima inabeba 15,000, sio 12,000. Ongeza boksi 2,000, ongeza masaa yako 2, mi nimejiwekea elfu 5 kwa saa, tunafika 27,000. Hiyo ndo gharama, faida bado.

Mi nauza 45,000. Sio tamaa, duka la zawadi likichukua asilimia 30 nabakiwa na 31,500, ila ungekuwa unauza 30,000 duka lenyewe usingeweza hata kulisogelea. Ukiweka mzigo dukani kwa mali kauli (wauze kwanza ndo wakulipe) andikeni idadi, msaini wote wawili, na upite kila baada ya wiki mbili, usisubiri kupigiwa simu, hawapigi.

Kuna mteja atakwambia "mbona peni ni jero tu". Usibishane nae. Mi naweka glasi ya maji mezani, namwambia atumbukize kipande cha mpingo, kinazama hadi chini kama jiwe, akishacheka ushampata. Kitambaa cheupe chenye maji pia kinasaidia, asugue aone hakitoi weusi, maana kuna watu wanapaka mti wowote kiwi ya viatu wanauita mpingo. Akikaba sana bei toa boksi, mpe kwenye kifuko cha kitenge, bei ishuke 2,000 na isizidi hapo.

Mtalii akiuliza kuhusu kusafiri nayo, mwambie ukweli kwamba mpingo upo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, lakini vitu vilivyokamilika havihitaji kibali cha CITES mpaka uzito wa mbao uzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja, na peni 3 hazifiki hata robo kilo. Ila we mwenyewe nunua mbao kwa mtu anayetoa risiti.

Mtandaoni andika bei kwenye picha. Hii tabia ya "bei njoo inbox" binafsi inanikera na najua nishapita post nyingi hivyo hivyo. Piga picha nje asubuhi, peni ikiwa mkononi mwa mtu, na kama kuna mstari mweupe wa mbao ya nje, ile iliyo chini ya ganda la mti, uonyeshe, watu wanaupenda kuliko weusi mtupu.

Peni ya jina (leza ongeza 5,000) chukua hela yote kabla, maana mteja akiingia mitini hakuna Rehema mwingine atakayeinunua. Msimu wake ni mahafali ya vyuo, Novemba na Desemba, na ofisi nazo zinakuja wakati huohuo na oda za peni 30 za wiki moja, hesabu siku zako kabla ya kusema ndiyo.

La mwisho rifili. Seti nyembamba nyingi zinakula rifili aina ya Cross, kuipata ni shughuli, chukua seti inayokula aina ya Parker ambayo steshenari za mjini wanayo. Na we weka chache pembeni, wengi wa walionunua peni ya pili kwangu walikuja kutafuta rifili.